Kilichokuwa Chini ya Playwudi

Kwa miaka kumi na minne mama yangu hakukanyaga ndani ya Landrova ya kaka yake. Ikipita njiani aligeuza uso upande wa pili, na ikisimama kumpa lifti alisema anapenda kutembea. Hata mvua ikinyesha alipenda kutembea. Watu walidhani ni huzuni ya mjane. Mimi nilijua ni harufu, kwa sababu na mimi niliinusa siku hiyohiyo, na kwa sababu ya harufu hiyo sikuuona uso wa baba yangu.

Nieleze hilo kwanza, maana bila hilo ukarabati wa gari hili ni habari ya kutu na panya tu.

Baba alifariki hospitalini Korogwe, Jumanne alasiri. Mimi nilikuwa kazini Mwanza. Sisi ni Waislamu, na kwetu maiti hacheleweshwi. Wazee wa msikiti walitaka azikwe Jumatano. Mama akakataa. Alisema mtoto wake wa kwanza lazima amwone baba yake kabla ya udongo, akashikilia hapohapo mpaka wakachoka. Baba akalala mochwari hadi Alhamisi. Asubuhi hiyo akaoshwa na watu wa kulekule Korogwe, ambao hatukuwajua wala hatukuwauliza kitu, akavikwa sanda, akalazwa kwenye jeneza. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, akateremka peke yake na Landrova yake kumchukua, pamoja na mama na wazee wawili waliokuwa Korogwe tangu Jumanne. Mimi nilishuka basi Mombo nikalikuta gari linanisubiri kando ya barabara kuu, mlango wa nyuma uko wazi.

Niliinusa kabla sijatoa salamu. Ilikuwa harufu ya nyama iliyooza, na chini yake kitu kikali kinachochoma macho, kama mkojo wa siku nyingi. Nilikaa nyuma na wazee wawili wa msikiti, jeneza katikati, magoti yetu yakiligusa. Mama alikaa mbele na mjomba. Kutoka Mombo kupanda Soni ni kona tupu, na kila kona harufu ilihama kutoka upande mmoja hadi mwingine kama maji ndani ya beseni. Mzee mmoja alivuta shuka lake la begani hadi puani akajifanya anafuta machozi. Nami nikafanya hivyohivyo na kola ya shati. Nililia kweli, lakini nakiri kwamba nililia huku napumua kwa mdomo.

Nyumbani, jeneza likiwa uani, nikaomba nifunuliwe uso. Mzee yuleyule akanishika mkono akanivuta kando.

"Mwanangu, baba yako amekawia," akasema. "Mkumbuke alivyokuwa."

Hakuna aliyegusa sanda. Tulimswalia haraka, tukamzika haraka. Mama alikuwa amesimama mlangoni na alisikia. Hakulitaja tena, lakini mara nyingi nilimwona akiacha jembe au mwiko na kutazama chini, na nilijua anarudia jambo lilelile: Jumatano, Alhamisi. Kwamba alimchelewesha mumewe kwa ajili yangu, akamharibikia njiani mbele ya watu, na mimi mwenyewe nisimwone.

Sasa gari.

Nilirudi kuishi Lushoto miaka michache iliyopita. Natengeneza pampu za maji na mashine za kusaga. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimeyatoa kwenye vitabu, na vingi kati ya vitabu vyangu havina majalada. Kimoja ni cha ufundi wa Landrova za miaka ya sabini, nilichokipata kwenye mitumba, kamili isipokuwa kurasa za breki. Nilikisoma mara nyingi kabla ya kuwa na gari. Ni gari ambalo mtu mwenye spana na subira anaweza kulielewa lote, na hilo ndilo lililonivutia.

Ya mjomba ilikuwa imesimama kwake, upande wa Vuga, tangu giaboksi ilipokufa. Ilikuwa chini ya mpeasi, na mapeasi yaliyoiva yalikuwa yameangukia boneti msimu baada ya msimu, yakaozea pale, yakatengeneza utomvu mweusi wenye nyigu. Watoto walikatazwa kulisogelea. Gari lile lilikuwa limebeba maiti wa nyumba nyingi za huko, na lilikuwa linanuka, na watu walipolipita walishusha sauti. Kila aliyelipanda baada ya msiba wetu alidhani anamnusa aliyetangulia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja kunisalimia au kuniangalia kama bado napumua?"

"Nimekuja kuhusu gari."

"Lile?" Akavuta kiti. "Lile ni gari la heshima. Taja nyumba yoyote hapa ambayo halijaibebea mtu wao. Na sikuomba hata mafuta. Muulize yeyote."

Ilikuwa kweli, na kila mtu alimheshimu kwa ajili hiyo. Nikamwambia nitalifumua lote mpaka chesisi.

"Fumua injini. Fumua giaboksi. Nyuma usihangaike. Ile playwudi niliifunga kwa mikono yangu alfajiri ile ya baba yako, kabla sijateremka Korogwe, ili jeneza lake lisikwaruzwe na bati. Playwudi mpya kabisa. Boliti sita! Haijatolewa mpaka leo. Iache ilivyo."

Nilimshukuru. Naona vibaya kuandika hili, lakini nilimshukuru kwa mikono miwili, nimeinama, na machozi yakanilengalenga. Tukakubaliana bei pale pale.

Nia yangu ilikuwa moja na niliiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kazi: kuondoa harufu. Nilidhani harufu ni uchafu, na uchafu ni kazi. Gari likiacha kunuka, mama angepanda.

Lililetwa kwetu likivutwa na lori la kabichi. Mama alitoka nje na ungo mkononi, akaliona.

"Hilo umelileta hapa?"

"Nimelinunua, mama. Nitalisafisha."

"Liweke nyuma ya choo," akasema. "Huko litapata mwenzake."

Akarudi ndani. Nililiweka nyuma ya choo.

Kwa miezi mitatu nilikuwa mtu wa kuogopwa mezani. Nilikuwa naoga mara mbili na bado mama ananisogezea sahani kwa mbali. Kwenye chujio la hewa kulikuwa na kiota cha panya kilichotengenezwa kwa kalenda na nywele, na ndani yake panya wanne wadogo waliokauka kama tangawizi. Ndani ya kiti cha dereva nilikuta kiota cha pili, na hicho kilikuwa na wenyewe. Dashibodi ilijaa mende; nilipoifungua walinimwagikia mapajani. Petroli iliyobaki kwenye tangi ilikuwa imegeuka gundi nzito ambayo harufu yake inakaa kooni siku nzima. Yote haya niliyategemea. Kitabu kinasema gari lililolala linakuwa nyumba ya vitu.

Sikutegemea kazi za mjomba mwenyewe. Tangi lilikuwa na matundu mawili, na yote yalizibwa kwa vipande vya sabuni ya kufulia, sabuni juu ya sabuni, mpaka zikafanya kidonda. Sawa, sabuni kila dereva ameitumia, lakini humfikisha mtu nyumbani, si mwaka wa sita. Springi iliyokatika ilikuwa imefungwa kwa mpira wa tyubu. Bomba la breki lilizungushiwa plastiki ya mfuko wa sukari. Chesisi ilikuwa na shimo ninaloweza kupitisha ngumi, nalo lilijazwa matambara, likapakwa lami, na juu ya lami rangi ya kijani nzuri kabisa, imepakwa kwa brashi, kwa uangalifu. Hicho ndicho kilichonitia kichefuchefu zaidi ya panya, ule uangalifu wa rangi. Kila alipokuta tatizo hakulitengeneza, alilifunika, na kifuniko ndicho alichokipa bidii. Na juu ya kazi hiyo alipakia watu akawashusha Mombo siku za soko, kina mama na matenga yao, kona baada ya kona.

Nilimwita fundi wa kuchomelea kutoka mjini Lushoto, mtu mnene anayeongea kuliko mashine yake. Akalala chini ya gari, akagonga kwa nyundo, akatoka na uso umejaa kutu.

"Mgosi," akasema, kama Washambaa tunavyomwita mwanamume, "hii ni gari au ni kaburi lenye usukani?"

"Choma tu."

"Nichome wapi? Hapa hakuna chuma. Hapa kuna rangi imesimama peke yake. Nani kakuuzia?"

"Mjomba."

"Mjomba wa mtaani?"

"Tumbo moja na mama."

"Ala! Na ukasema asante?"

Nikamsogezea nyundo. Akarudi chini, na safari hii alikaa muda mrefu bila mzaha. Alipotoka aliniita nitazame. Chesisi ya mbele ilikuwa imeliwa kama mvua inavyokula chuma, taratibu na kwa usawa. Ya nyuma ilikuwa imetafunwa. Hata bati la sakafu, ambalo ni aluminiamu na halishiki kutu, lilikuwa limegeuka unga mweupe na kutoboka.

"Hii si mvua, mgosi. Mvua hailambi hivi. Alibeba chumvi huyu?"

"Alibeba kabichi. Na maiti."

Akapangusa kutu usoni. "Basi toa ile mbao ya juu. Siwezi kuchoma chini yake, itawaka moto, sote tukose nyusi."

Nilisita, kwa sababu ya maneno ya mjomba na kwa sababu ya jeneza. Lakini kazi ilikuwa haiendi bila hivyo. Boliti zote sita zilikuwa zimeshikana na nati kwa kutu, chuma kimoja. Nilizitazama vizuri kabla ya kuzikata, kama ninavyotazama kila kitu kabla ya kukikata: hazijawahi kuguswa na spana tangu zilipokazwa. Nikazikata kwa grainda. Kisha fundi akaingiza mtaimbo upande mmoja, mimi upande mwingine, tukainua.

Playwudi ilitoka na sauti ya kitu kinachobanduliwa kwenye ngozi. Upande wake wa chini ulikuwa na ukungu mweupe wenye manyoya. Na sakafuni, kutoka ukuta hadi ukuta, kulikuwa na tabaka jeusi la unene wa vidole vinne, limegandamana, limepasukapasuka kama matope ya bwawa, na kwenye nyufa lilikuwa bado bichi. Harufu ikapanda. Ilikuwa ileile. Miaka kumi na minne, na pua yangu haikuhitaji hata nusu ya pumzi kuitambua.

Fundi aliangusha mtaimbo. "Astaghfirullah! Funika, mgosi! Funika! Hao ni watu wetu!"

Akaenda mbio bombani akaosha mikono, akaosha tena, akaketi karibu na ua akinipa mgongo, na nikamsikia anasoma Fatiha. Simcheki. Mimi mwenyewe nilisimama pale na mwiko wa kujengea mkononi nikiamini kwamba ninatazama kilichovuja kutoka kwa marehemu wa kijiji kizima, na kwamba tabaka la chini kabisa ni baba.

Nilichofanya baada ya hapo nilikifanya kwa sababu sijui kufanya kingine. Nilifunga leso puani, nikavaa glavu, nikakwangua kuanzia kona ya mbele, nikaweka kwenye chekecheo la mchanga, nikatikisa. Yalibaki maranda ya mbao. Yakabaki manyoya, mabua ya manyoya mengi. Kisha mifupa midogo kama njiti za kiberiti, na mguu wenye kucha tatu mbele na moja nyuma, na mdomo wa ndege, na mwingine. Nilipanga midomo juu ya bati. Nilipofika ishirini na mmoja niliacha.

Ilikuwa mbolea ya kuku. Kila mwenye bustani huku anaijua: huletwa kutoka kwenye mabanda makubwa ya tambarare, maranda na mavi pamoja, na banda likipigwa na ugonjwa wa mdondo, kuku waliokufa hutupwa humohumo na kupakiwa. Ikiwa mbichi inanuka mzoga na mkojo kwa pamoja. Sisi sote tuliokuwa ndani ya Landrova siku ile tulikuwa watu wa bustani. Tumeikoroga kwa mikono, tumeila na vumbi lake. Na hakuna aliyeitambua, kwa sababu jeneza lilikuwa mbele yetu, na pua zetu zikaamini macho.

Hakuna aliyeitambua ila mmoja, aliyekuwa ameshika usukani.

Nilikaa juu ya debe nikaipitia hoja hiyo mara tatu, kama ninavyokagua pampu nikitafuta inapovuja. Mbolea ilikuwa chini ya playwudi. Playwudi ilifungwa alfajiri ya maziko, kwa maneno yake mwenyewe, na boliti hazijaguswa tena. Kwa hiyo mbolea ilikuwepo alfajiri ile, mbichi, na playwudi mpya haikuwekwa kulinda jeneza. Hoja haikuvuja popote. Nikasimama, nikashika ukuta wa choo, nikatapika.

Si mavi yaliyonitapisha. Nilikuwa nimeyaona mengi miezi hiyo. Ni kwamba mjomba alimsikia mzee akiniambia baba amekawia. Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo. Alimwona dada yake mlangoni.

Nilichukua bonge moja nikalitia kwenye kopo la maziwa ya unga na maji ya uvuguvugu, nikafunika. Nilitaka kuwa na hakika kwamba siamini tu ninachotaka kuamini. Baada ya siku mbili nilifungua, na niliweza kufunga tena kwa shida. Nikampelekea mama. Alikuwa uani anachambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeshika nini?"

"Nusa."

"Wewe mtoto una wazimu?"

"Nusa mama, kisha nitakueleza."

Alinusa. Nusura kopo limponyoke, nikalidaka. Alisema kitu kwa Kishambaa, haraka, na ndani yake lilikuwemo jina la baba, ambalo sikuwa nimelisikia mdomoni mwake tangu azikwe. Kisha akanitazama kama mtu asiyenijua.

"Umemfukua?"

"Hapana, mama! Ni mbolea. Ni mbolea ya kuku." Nikamwekea mdomo mmoja wa kuku kiganjani.

Aliugeuza kwa kidole gumba. Yeye amelima kwa miaka hamsini. Hakuhitaji kuelezwa ni nini. Maswali yake yalikuwa yaleyale yangu, kwa mpangilio uleule.

"Ilikuwa wapi?"

"Chini ya playwudi."

"Playwudi iliwekwa lini?"

"Alfajiri ile. Amesema mwenyewe, akijisifu."

"Imewahi kutolewa?"

"Haijawahi."

Akarudi kwenye maharage, akatoa mawili mabovu, akayatupa. "Basi hakuwa yeye."

"Harufu haikuwa yake."

"Alikuwa mzima."

"Hilo siwezi kulisema, mama. Sikumwona. Nasema harufu haikuwa yake."

Alinyanyuka akajifunga kanga ya pili. "Nipeleke kwa kaka yangu."

"Gari halijawa tayari."

"Nimesema habari ya gari mimi?"

Tulikwenda kwa Hiace hadi Soni, kisha kwa pikipiki mbili. Kopo alilifunga kwenye kanga akalipakata. Mjomba alikuwa barazani na chai yake na mihogo ya kuchemsha.

"Shikamoo kaka," mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, na akapiga goti kama ipasavyo.

"Marahaba dada yangu! Leo mmenikumbuka. Karibuni chai."

Mama aliweka kopo mezani kando ya kikombe, akafungua. Mjomba alirudisha kichwa nyuma. Kisha, na hili sitalisahau, kabla ya kusema lolote alikisogeza kikombe chake mbali ili kisiharibike.

"Nini hicho?"

"Niambie wewe."

Hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. "Nilikwambia uiache ile mbao."

"Kwa hiyo unajua," mama akasema.

"Dada, keti kwanza."

"Nimesimama."

"Ilikuwa wiki ya mzigo. Jumatano nilipandisha mbolea ya mtu, magharibi ndiyo nimemaliza kushusha, alfajiri naambiwa teremka Korogwe ukamchukue shemeji. Ningeosha saa ngapi?"

"Mto upo Soni. Ulipita juu yake."

"Nilikuwa na haraka ya kumstahi mumeo! Nikafunika vizuri. Nikatoa playwudi niliyonunulia kitanda changu."

"Na ikanuka."

"Ikanuka. Nilidhani mbao itazuia."

"Na wazee wakasema ni yeye."

"Ningesemaje mimi? Jeneza lipo, watu wanalia, nisimame niseme jamani samahani, haya ni mavi ya kuku? Ningemvunjia marehemu heshima."

"Ungesema kesho yake."

Mjomba alichukua muhogo, akaurudisha sahanini.

"Kesho yake kulikuwa na matanga."

"Ungesema matanga yakiisha. Ungesema baada ya arobaini. Ungesema mwaka wa pili. Nimepita na mzigo kichwani kwa mguu miaka yote hiyo, kaka, na wewe unanipita na hilo gari unanipigia honi."

"Mambo ya zamani hayo, dada. Tulishasameheana."

"Nani alimwomba nani?"

Kuku mmoja alipita barazani, na hakuna aliyemfukuza. Mjomba akanigeukia kana kwamba mama ameshaondoka.

"Na gari lenyewe vipi, linawaka?"

"Linawaka, mjomba," nikasema.

Nimejichukia kwa jibu hilo kuliko kwa kichefuchefu chochote. Lilitoka lenyewe, na adabu yake yote. Mama alikuwa ameshashuka barazani. Mjomba akaona kopo bado lipo mezani.

"Dada! Kopo lako!"

"Lako," mama akasema, bila kugeuka.

Miezi miwili baadaye gari lilikuwa na sakafu mpya, na chesisi ya nyuma fundi aliishona upya kwa chuma cha mraba. Alikataa kurudi mpaka nilipomwonyesha midomo ya kuku, na alipoiona alicheka hadi akakaa chini, kisha akakasirika kwa Fatiha aliyoipoteza. Mama alitoka nje asubuhi akiwa amevaa baibui, akaketi kiti cha mbele.

"Korogwe," akasema. "Kwa waosha maiti."

Tuliulizia kwenye misikiti miwili. Kwenye wa pili tulielekezwa kwa mzee anayeishi nyuma ya msikiti, ambaye amefanya kazi hiyo tangu ujana. Mama alimweleza yote, mwaka, mwezi, siku, urefu wa baba, kovu lake la mguu. Mzee alisikiliza macho yamefumbwa.

"Mama, siwakumbuki," akasema. "Nimeosha wengi mno."

"Hata kidogo?"

"Waliooza nawakumbuka. Hao hawatoki. Naweza kukuhesabia mmoja mmoja, na nyumba zao." Akafumbua macho. "Huyo wako simkumbuki."

Mama alimwomba arudie, naye akarudia. Tukamshukuru, tukaondoka.

Nikimkuta mjomba njiani bado namwamkia. Nasema shikamoo naye anaitikia marahaba, na baada ya hapo nameza mate kama mtu aliyeonja kitu kisichofaa. Mama hupita upande wa pili wa barabara, na sasa watu wanamuuliza kulikoni, naye anawaeleza kwa kirefu, na midomo ya kuku anayo kwenye mkoba.

Siku ile tulipotoka Korogwe tulikamatwa nyuma ya lori kwenye kona za juu ya Mombo. Landrova ya umri ule haipiti lori mlimani. Lilikuwa limebeba mbolea ya kuku, mbichi, turubai limepeperuka nusu. Tulifunga vioo, lakini kuna matundu mawili ya sakafu ya mbele ambayo nilikuwa sijayaziba, na harufu iliingia ikajaa gari lote. Nikataka kusimama kando lori litangulie. Mama akanizuia. Alivuta pumzi moja, ndefu, kwa pua.

"Ndiyo hiyohiyo," akasema, akatema mate kwenye leso.